Oksijeni ilisoma 97, kwa nini figo zilizima?

SWALI: Shikamoo daktari. Mjomba wangu ana kisukari cha miaka mingi, anaendesha bajaji hapa Tabata. Alichomwa na msumari mguuni bila kujua, kidonda kikatunga usaha, tukawa tunamnunulia vidonge duka la dawa. Siku moja akaamka anaongea vitu visivyoeleweka na anahema juu juu. Hospitali wakasema ni sepsisi, wakamlaza chumba cha mahututi. Kile kifaa cha kidoleni kilikuwa kinasoma 97, lakini daktari akatuambia seli zake hazitengenezi nguvu, laktati iko juu na figo zimezima. Wakampasua mguu kutoa usaha, wakamsafisha damu kwa mashine mara kadhaa. Sasa yuko nyumbani, mkojo unatoka vizuri, ila hata ngazi hapandi. Ugonjwa ulikuwa mguuni, figo ziliharibikaje? Kama oksijeni ilikuwepo, nguvu zilikosekanaje? Figo zimekufa au zimepona? Na ndugu wanasema walimnyima dripu ya glukosi ndiyo maana akaishiwa nguvu. Ataweza kurudi kwenye bajaji?

JIBU: Marahaba, dada, na poleni sana kwa kuuguza. Nianze na hilo la ndugu, maana maneno ya namna hiyo yanaweza kukaa kwenye familia miaka na miaka. Mjomba hakuishiwa nguvu kwa kunyimwa glukosi. Mtu mwenye kisukari akipata maambukizi makali, kwa kawaida sukari kwenye damu hupanda, kwa sababu homoni zinazotolewa na mwili ulio kwenye mapambano huifanya insulini ishindwe kazi. Oksijeni nayo alikuwa nayo, kifaa cha kidoleni hakikudanganya. Palipokwama ni ndani ya seli, pale ambapo sukari na oksijeni hukutanishwa ili zitoe nguvu.

Mahali hapo ni mitokondria. Ni vitu vidogo sana vilivyojaa ndani ya seli. Katika seli za misuli ya moyo vinachukua karibu theluthi ya nafasi yote. Humo ndani, sukari na mafuta tuliyokula huvuliwa elektroni, kisha elektroni hizo hupitishwa kwenye mnyororo wa protini nne kubwa hadi mwisho, ambako oksijeni inazipokea na kugeuka kuwa maji. Karibu oksijeni yote ambayo mwili hutumia inakwenda kufanya kazi hiyo moja. Elektroni zikiwa njiani, chembe ndogo ziitwazo protoni husukumwa upande wa pili wa utando wa ndani wa mitokondria, na zinaporudi zinazungusha kimeng'enya kinachotengeneza ATP, ambayo ndiyo nguvu yenyewe inayotumiwa na seli. Mwingereza Peter Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978 kwa kuueleza mpango huu, baada ya miaka mingi ya kubishiwa. Glukosi moja ikipita njia nzima hutoa ATP kama 30. Ikiishia nje ya mitokondria hutoa 2 tu, na kinachobaki ni laktati.

Mwili hauna ghala la ATP. Iliyopo wakati wowote ule inatosha sekunde chache, kwa hiyo lazima itengenezwe mfululizo, na kwa siku nzima mtu mzima hutengeneza na kutumia ATP ambayo uzito wake unakaribia uzito wa mwili wake mwenyewe. Kiwanda cha kiasi hicho kikipungua kasi hata kwa nusu siku, madhara yanaonekana.

Sasa turudi mguuni. Bakteria walikuwa kwenye usaha, na inawezekana kabisa wengi wao hawakutoka hapo. Kilichosafiri ni kemikali ambazo chembe nyeupe za damu hutoa zikikutana na bakteria, zinaitwa saitokaini. Kwenye kidonda cha kawaida kemikali hizi huishia palepale: panavimba, panauma, panapona. Maambukizi yakizidi zinamwagika kwenye damu na kuzunguka mwili mzima, na viungo ambavyo havijafikiwa na bakteria hata mmoja vinaanza kuathirika. Ndiyo maana wataalamu walipoandika upya maana ya sepsisi mwaka 2016 hawakusema ni bakteria kwenye damu. Walisema ni viungo kushindwa kazi, kiasi cha kuhatarisha maisha, kwa sababu mwili umeitikia maambukizi bila mpangilio. Wagonjwa wengi wa sepsisi damu yao ikioteshwa maabara haioti kitu chochote, halafu ndugu wanaambiwa "kipimo kiko safi" na wanadhani mgonjwa amesingiziwa.

Madhara yanapita njia mbili. Ya kwanza ni mishipa. Mishipa inalegea na presha inashuka. Kuta za mishipa midogo kabisa zinavuja, na huo ndio uvimbe wa uso na mikono ambao pengine mliuona. Tena damu inaanza kuganda ndani ya mishipa hiyo, hivi kwamba sehemu moja ya figo inapata damu na nyingine milimita chache pembeni haipati. Kifaa cha kidoleni hakiyaoni haya. Kinapima jambo moja: katika hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) inayopita kwenye kidole kile, asilimia ngapi imebeba oksijeni. Imefika wapi, imeshushwa wapi, imetumika au haikutumika, hakisemi.

Njia ya pili ndiyo daktari wenu alikuwa anawaeleza, na nampongeza kwa kuijaribu, maana wengi wetu tunawaambia ndugu "hali yake ni mbaya" na kuondoka. Saitokaini zinaziamuru seli zitoe gesi iitwayo nitriki oksaidi kwa wingi usio wa kawaida. Kwa kiasi kidogo gesi hii ni muhimu, ndiyo inayolegeza mishipa. Kwa wingi, inakwenda mwisho wa ule mnyororo wa protini na kukaa palepale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae. Oksijeni inafika, inakuta nafasi imekaliwa. Huko nyuma kwenye mnyororo elektroni zinarundikana, nyingine zinavuja na kuzalisha kemikali kali, na kemikali hizo zikiungana na nitriki oksaidi zinatokeza kitu kikali zaidi kinachoiharibu protini ya kwanza ya mnyororo. Kukaliwa kwa nafasi kunaweza kuachiwa gesi ikipungua. Uharibifu wa protini ya kwanza hauachiwi; seli inabidi itengeneze nyingine.

Utasema basi wape dawa ya kuizuia hiyo gesi. Walijaribu. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2004 liliwapa wagonjwa wa sepsisi dawa ya kuzuia utengenezaji wa nitriki oksaidi. Presha zao zilipanda vizuri, lakini waliofariki wakawa wengi kuliko wale ambao hawakupewa, jaribio likasimamishwa. Ni moja ya mambo yanayonifanya niwe mwangalifu na kila maelezo mazuri ya kwenye karatasi, yakiwemo haya yangu.

Ushahidi kwamba hili hutokea kwa binadamu na si kwa panya wa maabara peke yao ulikuja kwa nguvu mwaka 2002. Madaktari wa London walichukua vipande vidogo vya misuli ya paja kwa wagonjwa 28 wa sepsisi ndani ya siku ya kwanza ya kulazwa mahututi, wakavilinganisha na vya watu waliokuwa wanafanyiwa upasuaji wa nyonga. Waliofariki baadaye walikuwa na ATP kidogo zaidi kwenye misuli, na ile protini ya kwanza ya mnyororo ilikuwa imedhoofika kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali. Tafiti nyingine, za miaka ya 1990, zilipima oksijeni iliyomo ndani ya misuli ya wagonjwa kama hao na kukuta ipo juu kuliko kawaida. Yaani ilikuwa imefika na haikuchukuliwa. Mjomba wako kusoma 97 huku seli zina njaa si kitendawili tena ukilijua hilo.

Neno kidogo kuhusu laktati, kwa sababu naona sasa watu wanapiga picha majibu ya maabara na kuyasoma wenyewe. Kawaida ni chini ya milimoli 2 kwa lita. Ikipanda inaweza kuwa mitokondria zimekwama, lakini inaweza pia kuwa adrenalini inaisukuma misuli kuvunja sukari kwa haraka, au ini limechoka na haliiondoi. Tunaangalia mwelekeo wake, saa baada ya saa, tukichanganya na mengine. Hapa Dar si kila hospitali ina mashine ya laktati inayofanya kazi usiku wa manane, na kuna kipimo kisichohitaji umeme: unabonyeza ncha ya kidole cha shahada, upande wa ndani, kwa sekunde kumi mpaka pawe peupe, unaachia, unahesabu rangi inarudi baada ya muda gani. Ikizidi sekunde tatu, damu haifiki vizuri pembezoni. Kwa ngozi zetu upande wa ndani wa kidole unaonyesha wazi kabisa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba kumtibu mgonjwa wa sepsisi kwa kufuata kidole hicho hakukuwa duni kuliko kufuata laktati, na mimi nakitegemea kila zamu.

Kwa mjomba kuna jambo jingine linaloweza kuwa liliongeza laktati, na sikuona mkilitaja: metformini. Wagonjwa wengi wa kisukari wanaimeza, ni dawa nzuri na ya bei nafuu, nami naiandika kila wiki. Lakini mojawapo ya kazi zake ni kuipunguza kasi ile protini ya kwanza ya mnyororo, na inatolewa mwilini na figo. Figo zikizima huku mtu anaendelea kuimeza, inajikusanya na kuwakaba mitokondria ambao tayari wana shida. Mgonjwa wa kisukari mwenye homa kali, anayetapika au ambaye hakojoi, dawa hiyo inasimamishwa mpaka aonwe na daktari. Kama bado ana boksi lake la zamani kabatini, asilianze mwenyewe.

Sasa figo. Kwa nini zenyewe, na si ngozi au mifupa? Kwa sababu zinakula nguvu kupita kiasi. Figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu asilimia 99 zinarudishwa kwenye damu. Huko kurudisha chumvi na maji ndiko kunakomaliza ATP. Seli za mifereji ya figo zimejaa mitokondria kwa ajili hiyo. Nguvu zikishuka, seli hizo zina njia mbili: ziendelee na kazi mpaka ziishiwe kabisa na kufa, au ziache kazi na kubakiza nguvu za kukaa hai tu. Inaelekea nyingi zinachagua la pili. Figo inapunguza kuchuja kwa sababu haina uwezo wa kurudisha kilichochujwa, na nyinyi mnaona mfuko wa mkojo mkavu.

Tofauti hiyo ni kama ya duka lililofungwa na duka lililoungua: ukipita nje yote mawili hayauzi, ila moja lina bidhaa zake ndani. Uchunguzi wa maiti za watu waliokufa kwa sepsisi uliwashangaza wengi miaka ya 1990, kwa sababu chini ya darubini figo na mioyo iliyokuwa imeshindwa kabisa ilionekana karibu ya kawaida, seli zilizokufa zilikuwa chache. Zilizokuwa zimekufa kwa wingi ni za utando wa utumbo na limfosaiti, chembe nyeupe za ulinzi. Moyo nao hufanya hivyohivyo: unaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kusukuma siku za mwanzo, na kwa wanaopona mara nyingi unarudi ndani ya siku saba hadi kumi. Wapo watafiti wanaoona kule kuzima ni njia ya mwili kujilinda, wakitaja kwamba hata homoni ya tezi ya shingo inayochochea matumizi ya nguvu hushuka wakati huohuo. Mimi nakubaliana nao nusu. Figo iliyozima kujilinda bado inaweza kumuua mwenye nayo kwa potasiamu na maji kujaa mwilini, ndiyo maana ya ile mashine ya kusafisha damu.

Kwa hiyo, jibu la swali lako la tatu: figo za mjomba zilizima, na kurudi kwa mkojo kunaonyesha sehemu kubwa haikufa. Sisemi hazikupata hasara. Zilikuwa figo za mtu mwenye kisukari cha miaka mingi hata kabla ya msumari, na tukio kama hili huacha kovu kwa baadhi ya watu. Mkojo mwingi peke yake si cheti. Anahitaji kipimo cha damu cha kreatinini, taka ambayo figo huiondoa, na mkojo upimwe protini, sasa na tena ikitimia miezi mitatu tangu augue.

Udhaifu wa miguu una chanzo kilekile. Misuli ndiyo iliyochomolewa protini nyingi alipokuwa kitandani, na mitokondria zake zilizoharibika inabidi zimeng'enywe na mpya zitengenezwe. Kazi hiyo ya kujenga mpya ndiyo iliyoonekana kuanza mapema kwa wagonjwa waliopona, na haiharakishwi na dripu yoyote. Kuna jambo moja hapa linanivutia sana hata kama halimsaidii mjomba. Mitokondria asili yake ni bakteria walioingia ndani ya seli za kale na kubaki humo. Mwanasayansi wa Marekani Lynn Margulis aliitetea hoja hiyo kuanzia mwaka 1967 wakati wengi waliicheka. Mpaka leo zina DNA yake, ya duara kama ya bakteria. Zikipasuka, DNA hiyo ikiingia kwenye damu, chembe za ulinzi zinadhani bakteria wapya wameingia na kuongeza mashambulizi. Hivyo mapambano hayo ya mwili yanaweza kuendelea hata baada ya usaha kuisha.

Ukishaona tatizo lilipo, utaona pia kwa nini "kuongeza" hakusaidii. Oksijeni ya ziada juu ya 97 haina pa kwenda. Glukosi ya ziada kwa mwenye sukari ya juu inaongeza shida. Dripu za vitamini, ambazo ndugu hutuomba sana, nazo zimepimwa: vitamini C kwa dozi kubwa mshipani, katika jaribio la mwaka 2022 kwa wagonjwa wa sepsisi walio mahututi, ilihusishwa na matokeo mabaya zaidi kuliko kutopewa. Hata maji ya dripu yana mpaka wake, na hili tumejifunza hapa hapa kwetu. Jaribio kubwa lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, Muheza ikiwemo, lilichapishwa mwaka 2011: watoto wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi kuliko waliopewa taratibu. Lusaka nao, kwa watu wazima, wakachapisha matokeo yanayofanana mwaka 2017. Haimaanishi maji hayafai. Yanapimwa kwa mgonjwa aliye mbele yako.

Kilichomwokoa mjomba ni vitu viwili visivyo na mvuto: antibiotiki sahihi mshipani, na kisu kilichotoa usaha. Usaha ukibaki, saitokaini zinaendelea kumwagika hata ungempa dawa ghali kiasi gani. Vidonge vya duka la dawa havikuwa na uwezo wa kuingia kwenye jipu lile. Siwalaumu, najua foleni za hospitali zetu na gharama zake. Ila kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari kikishatoa usaha hakina siku za kusubiri, na akianza kuhema mara 22 au zaidi kwa dakika, kuchanganyikiwa au mkojo kukata, ni gari hapohapo, hata kama ni saa nane za usiku.

Kwa sasa asimeze diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu, parasetamoli inatosha. Mitishamba ya "kusafisha figo" aiache. Atembee kila siku kidogo kidogo, ainuke kwenye kiti bila kushika, aongeze idadi kila wiki, na ale mayai, dagaa na maharage kwa kiasi atakachoruhusiwa na daktari wa figo. Homa yoyote ndani ya miezi hii ya mwanzo msiitibu nyumbani, kwa sababu zile limfosaiti zilizokufa hazijarudi zote na maambukizi ya pili hupata njia kirahisi.

Bajaji ataweza kurudia, ila si kabla kidonda hakijafunga, na si kabla hamjajua kama nyayo zake zinahisi. Umesema alichomwa na msumari bila kujua. Hapo ndipo yote yalipoanzia, na breki ya bajaji ni ya mguu. Mwambie afumbe macho, avue viatu. Gusa taratibu, kwa ncha ya kidole chako na bila kubonyeza, ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na kile kidogo kabisa, miguu yote miwili, kila kimoja kwa sekunde moja au mbili, naye aseme kila anapohisi. Akikosa viwili au zaidi kati ya hivyo sita, asiendeshe mpaka kliniki ya kisukari imwone, na ndani ya nyumba asitembee peku.